TAA YA PICHANI NA MWANGA WA MEZANI

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, baada ya chakula cha mchana. Msemaji ni mwenzetu ambaye kazi yake ni kutengeneza picha za majengo kabla hayajajengwa. Tunaichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Kumsimamisha mtu aseme mara baada ya pilau ni kumwonea yeye na kuwaonea wanaomsikiliza, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Atakayesinzia namsamehe mapema, maana hata zamani tulisinzia humu humu, na wakati ule chakula kilikuwa ugali na maharage.

Kamati imeniomba nieleze jambo moja: je, mtu anaweza kuiona taa ikiwa imetundikwa chumbani kwake, na kuuona mwanga wake, kabla hajainunua? Swali hili halikuzuka bure. Pale ubaoni karibu na mlango imebandikwa picha ya bwalo hili hili tulimoketi, na ndani yake zinaonekana taa kumi na mbili za kuning'inia, zote zinawaka. Picha hiyo imeletwa na mfanyabiashara mmoja wa taa, na jina lake si kitu katika maneno yangu. Wengi mmeipenda, na hapana shaka taa zenyewe zina umbo zuri.

Lakini fedha za kuzinunulia ni michango yetu. Wengi waliochanga wako mbali, na watatoa idhini yao kwa kuitazama picha hiyo tu. Tena vijana wetu hawali tu ndani ya bwalo hili. Hapa ndipo wanaposoma kila usiku, kuanzia chakula cha jioni hadi kengele ya kulala. Kwa hiyo yatupasa kuiuliza picha ile maswali kabla hatujaitolea fedha.

Neno langu kwa ufupi ni hili. Picha yaweza kutuonyesha taa bila kutuonyesha mwanga wake. Umbo la taa huchaguliwa kwa macho, mwanga wa taa huchaguliwa kwa hesabu, na picha ya kuaminika ni ile iliyotanguliwa na hesabu.

KUBANDIKA SI KUWASHA

Njia nyepesi ya kuitia taa katika picha ya chumba ni kuibandika. Mtu huchukua picha ya taa kutoka katika orodha ya bidhaa, huikata pembezoni, kisha huiweka juu ya picha ya chumba. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi na gundi. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, au hata kwa simu ya mkononi. Mwaka 2017 kampuni ya IKEA ya Sweden ilitoa programu ya simu iliyomwezesha mteja kukielekeza kioo cha simu chumbani mwake na kukiona kiti au meza ya dukani kana kwamba imekwisha wekwa pale. Kwa kiti, jambo hilo lafaa sana. Mtu hujua kama kitapita mlangoni, na kama rangi yake itaelewana na pazia.

Taa, ndugu zangu, si kama kiti. Kiti kikiingia chumbani hukaa mahali pake na kuviacha vitu vingine kama vilivyokuwa. Taa ikiwashwa hubadili kila kitu kilichomo: dari, sakafu, uso wa mtu, kivuli cha mkono juu ya daftari. Anayebandika picha ya taa inayowaka bila kuibadili picha ya chumba amebandika kitu kinachong'aa, lakini hajawasha taa.

Hebu itazameni picha ile mkitoka. Taa kumi na mbili zinawaka, lakini viti vina vivuli vinavyolala upande mmoja tu, yaani mbali na madirisha ya mashariki. Hivyo ni vivuli vya jua la asubuhi. Juu ya meza, chini ya taa, hakuna kilichoongezeka. Bwalo linaonekana jeupe kwa sababu lilipigwa picha mchana na madirisha yakiwa wazi. Mwanga tunaousifu pale ni wa jua, na jua hatulinunui kwa mfanyabiashara yeyote.

KUIPIMA PICHA

Kabla ya mwanga, kuna suala la ukubwa na mahali. Nitawaonyesha njia isiyohitaji kompyuta. Rula na penseli vyatosha.

Chukua picha ya chumba iliyopigwa na mtu aliyesimama wima, kamera ikiwa haikuinamishwa wala kuinuliwa. Tazama kingo za meza na kingo za kuta zinazokwenda mbali. Ukizirefusha kwa rula utaona zote zinakutana mahali pamoja. Pitisha mstari wa kulala mahali hapo, toka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Mstari huo ni usawa wa kamera. Kila kitu unachokigusa, kiwe karibu au mbali, kiko juu ya sakafu sawa na ilivyokuwa kamera yenyewe.

Katika picha yetu mstari huo unaukata mlango wa jiko kwa urefu wa mita 1.6 toka sakafuni, kama macho ya mtu wa kimo cha kawaida. Basi mahali popote pa picha, toka sakafuni hadi kwenye mstari ni mita 1.6. Tayari tuna kipimo. Taa inayotakiwa kuning'inia mita 2.4 juu ya sakafu, chini yake itakuwa mara moja na nusu ya urefu huo. Taa yenye upana wa sentimita 80, kama hizi zilivyoandikwa katika orodha, itakuwa na upana wa nusu ya urefu huo. Kwa mbali urefu huo hupungua katika picha, na taa nayo hupungua pamoja nao.

Nimeipima picha ile kwa njia hii. Taa ya mbele ni sawa kabisa na orodha. Lakini moja ya zile za mbali, iliyowekwa umbali mara tatu ya ile ya mbele, imechorwa kwa ukubwa ule ule. Kama ingekuwa kweli, taa hiyo ingekuwa na upana wa mita 2.4! Hapo hatuwezi kuiita taa. Ni paa la kibanda. Sisemi kwamba mtu alikusudia kudanganya. Nasema kwamba aliyeitengeneza picha alibandika bila kupima, na asiyepima ukubwa wa taa hakuna sababu ya kudhani amepima mwanga wake.

WALIOTUTANGULIA

Kazi ya kuuigiza mwanga kwa hesabu ina historia ndefu. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu chake kiitwacho Photometria, kilichoweka misingi ya kuupima mwanga. Kanuni moja yafaa ikumbukwe na kila anayenunua taa: umbali ukizidi mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Globu tupu ya lumeni 1,000, iking'aa sawasawa pande zote, huupa ukurasa ulio mita moja chini yake luksi 80 hivi. Iinue hadi mita mbili, ukurasa unapata luksi 20. Iinue hadi mita nne, zinabaki 5. (Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika taa, luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali fulani.)

Lakini mwanga hauji moja kwa moja tu. Hugonga dari na ukuta, ukarudi, ukagonga tena, na kila ukigonga huchukua kidogo rangi ya kilichogongwa. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha njia ya kukokotoa mwanga unaorukaruka hivyo ndani ya sanduku lenye kuta za rangi. Mwaka 1986 watafiti wa chuo hicho walieleza jinsi walivyoliweka sanduku la kweli kando ya picha iliyokokotolewa, wakawauliza watu wapambanue lipi ni lipi. Hiyo ndiyo tabia njema ya kazi hii: picha ipelekwe mbele ya kitu chenyewe ikahukumiwe. Mwaka huo huo wa 1986 James Kajiya alichapisha kanuni moja inayokusanya habari zote za mwanga kutoka kitu hadi kitu, na programu nyingi za leo za picha za majengo bado zinaifuata. Katika miaka hiyo ya 1980 Greg Ward, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alianza kuandika programu iitwayo Radiance, ambayo shabaha yake ilikuwa kuukadiria mwanga ndani ya majengo kwa vipimo vya kweli.

Lililobaki lilikuwa kukipatanisha kitu cha hesabu na picha ya mahali pa kweli. Mwaka 1998 Paul Debevec alionyesha njia. Aliweka mahali pale tufe linalong'aa kama kioo, akalipiga picha nyingi, nyingine za muda mfupi na nyingine za muda mrefu, ili taa kali na pembe zenye giza zote zipatikane. Tufe lile linaonyesha karibu pande zote za chumba, kwa hiyo humwambia mkokotoaji mwanga unatoka wapi na ni kiasi gani. Mwaka 2011 Kevin Karsch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba hata picha moja ya zamani yaweza kutumiwa, iwapo mtu ataichorea kingo za chumba na kuonyesha taa na madirisha yaliko. Watu walipoonyeshwa picha zao pamoja na picha za kweli, si mara chache walidhani kwamba ya kuundwa ndiyo ya kweli.

Nimetaja haya ili mjue kwamba jibu la swali la Kamati ni ndiyo. Inawezekana kuiona taa kabla ya kuinunua, na kuuona mwanga wake pia. Ila hapana budi kompyuta iambiwe mambo manne: umbo na vipimo vya chumba, rangi ya kuta na dari, na kiasi cha mwanga zinachorudisha, mwanga uliokuwapo picha ilipopigwa, na namna taa yenyewe inavyoutawanya mwanga wake.

Jambo hili la nne aghalabu husahauliwa. Taa mbili zenye globu moja, kifuniko cha moja kikiangalia chini na cha nyingine kikiangalia juu, ni vitu viwili tofauti kabisa mezani. Watengenezaji walio makini huipima taa yao pande zote kwa mashine, pembe baada ya pembe, na kuviandika vipimo katika faili ambalo programu za kukokotoa mwanga hulisoma. Muuzaji akiombwa faili hilo akasema hajui ni kitu gani, basi picha yake haikutokana na taa yake.

KUKIULIZA CHUMBA CHENYEWE

Mtaniuliza: je, asiye na programu hizo afanye nini? Nitawapa njia ambayo hata chama cha picha cha vijana wa shule hii kinaweza kuitumia usiku wa leo. Msingi wake ni kwamba mwanga hujumlishwa. Chumba chenye taa mbili hung'aa sawa na chumba kile kikiwa na taa ya kwanza peke yake, kujumlisha chumba kile kikiwa na taa ya pili peke yake. Paul Haeberli aliueleza mchezo huu mwaka 1992: alipiga picha za mahali pamoja, kila mara taa moja tu ikiwaka, kisha akazijumlisha kwa kompyuta na kuzipaka taa rangi alizotaka, wakati taa zenyewe zilikuwa zimekwisha zimwa.

Basi fanyeni hivi. Ngojeni giza liingie. Ifungeni kamera kwenye stendi ya miguu mitatu isitikisike. Tundikeni globu ya kawaida pale pale ambapo taa mpya itaning'inia. Pigeni picha globu ikiwa imezimwa, kisha pigeni nyingine ikiwa imewashwa, bila kubadili chochote katika kamera: muda ule ule, tundu la lenzi lile lile, rangi ile ile. Kamera isiachiwe kujichagulia. Toeni picha ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ni mwanga wa globu ile peke yake, na vivuli vyake vyote, na mwanga wote uliorudishwa na kuta za bwalo hili na si za bwalo lingine. Mkitaka kuona globu yenye lumeni mara mbili, zidisheni mara mbili. Mkitaka kuona taa nyingine mahali pengine, hamisheni globu, mpige tena, mjumlishe.

Kuna mtego mmoja kwa wenye kuifanya kazi hii. Namba zilizomo katika picha ya kawaida ya kompyuta si namba za mwanga. Zimekunjwa ili zilifae jicho. Katika picha ambayo nyeupe kabisa ni 255, mahali penye 128 hapana nusu ya mwanga. Pana kama sehemu moja tu katika tano. Mwanga wa mahali hapo ukizidishwa mara mbili, namba haifiki 256, bali hufika 176 hivi. Kwa hiyo namba hizo zikunjuliwe kwanza, au zitumiwe picha ghafi za kamera, ndipo hesabu ifanywe, na mwisho zikunjwe tena. Asiyefanya hivyo atapata bwalo linalong'aa kuliko lile litakalojengwa.

Njia hii ina mpaka wake. Globu tupu humwaga mwanga kila upande, na taa yenye kifuniko haifanyi hivyo. Kwa hiyo jambo bora zaidi ni kuazima taa yenyewe, moja tu, na kuitundika kwa usiku mmoja. Taa moja ya kweli iliyopigwa picha mahali sita hutufunza kuliko taa kumi na mbili za kubandika.

YALE AMBAYO PICHA HAISEMI

Hata picha iliyofanywa kwa uaminifu ina mambo matatu ambayo haitasema, kwa hiyo yafaa tuyajue.

La kwanza ni wingi wa mwanga. Kamera ya siku hizi hujirekebisha yenyewe. Mahali penye giza hufungua lenzi kwa muda mrefu zaidi, na mahali penye mwanga kwa muda mfupi. Ukilipiga picha bwalo lenye luksi 60 na bwalo lenye luksi 600, na kamera ikajichagulia yenyewe, picha mbili hizo zaweza kuonekana sawa. Mtazamaji atasema yote mawili yana mwanga wa kutosha. Lakini mwanafunzi wa kwanza atainamia daftari hadi pua iguse karatasi.

La pili ni ukali. Taa inayoonekana tupu bila kifuniko humchoma mtu macho, na akitazama kitabu anaendelea kuona madoa. Hakuna karatasi wala kioo cha simu kinachoweza kung'aa kama taa yenyewe, kwa hiyo katika picha taa kali na taa pole zote ni doa jeupe. Taa za picha ile zina globu zinazoonekana kwa chini. Picha haituumizi, zikitundikwa zitatuumiza.

La tatu ni rangi ya mwanga. Taa ya kelvini 2,700 ina umanjano wa globu za zamani. Ya kelvini 6,500 ina weupe wenye ubuluu kidogo. Kamera hujaribu kuifuta tofauti hiyo ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe. Kwa hiyo rangi na isomwe kwenye boksi la taa, isitafutwe kwenye picha.

HESABU YA BWALO LETU

Sasa nije kwenye hesabu, na nawaomba Kamati waandike. Bwalo hili lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 240. Taa zilizopendekezwa ni 12, na orodha inasema kila moja hutoa lumeni 3,000. Jumla ni lumeni 36,000. Si zote zitakazofika mezani. Katika chumba chenye kuta kama hizi, ambazo nusu yake ya chini imepakwa rangi ya kahawia iliyoiva, tukisema nusu ya mwanga hufika mezani tumekuwa wakarimu. Zinabaki 18,000. Taa nazo huchakaa na kuota vumbi, kwa hiyo tuchukue sehemu 8 katika 10, zibaki 14,400. Gawanya kwa 240. Jibu ni luksi 60.

Luksi 60 ni nini? Mwanga wa mwezi mpevu haufiki hata luksi moja, na jua la mchana laweza kupita 100,000. Hesabu hizo mbili hazitusaidii sana mezani. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 12464-1 hutaka luksi 500 mahali pa kusomea na kuandikia. Sisemi tuanze na hizo. Tuseme 300. Luksi 60 ni moja ya tano yake. Yanatosha kumwonyesha mtu sahani yake na kumtambua jirani yake. Hayamtoshi kijana anayesoma maandishi madogo ya kamusi, au anayechora ramani kwa penseli, saa tatu za usiku.

Ili tupate luksi 300 kwa hesabu ile ile, tunahitaji lumeni 180,000. Hizo ni taa 45 za lumeni 4,000, kama zile ndefu za LED ambazo mafundi wetu wanazijua. Kila moja hula wati 40 hivi, kwa hiyo zote pamoja ni wati 1,800, si zaidi ya pasi mbili za umeme zikiwaka. Hazina fahari. Hakuna atakayezibandika ubaoni. Lakini mwanga wake utakuwa juu ya daftari.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu inatuonyesha na picha ile haikutuonyesha. Tukipaka kuta zote rangi nyeupe au ya maziwa, na dari ikasafishwa, mwanga unaofika mezani waweza kupanda kutoka sehemu 5 katika 10 hadi 6. Ikiwa hivyo, lumeni 150,000 zinatosha, na taa 38 zinafanya kazi ya 45. Ndoo kadhaa za rangi zimetuokolea taa saba, na umeme wake kila usiku.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matano.

Kwanza, bwalo lipakwe rangi nyeupe kabla ya kununua taa yoyote, kisha lipimwe upya.

Pili, juu ya meza za kusomea zitundikwe taa ndefu za kawaida, zenye vifuniko vinavyozuia ukali, kwa idadi itakayotokana na hesabu na si kwa idadi itakayopendeza.

Tatu, kama wanachama bado wanazipenda zile za kuning'inia, na mimi nazipenda, zinunuliwe mbili ziwekwe pale mlangoni, kwa ajili ya mapokezi na mahafali. Kila kitu kina kazi yake. Uzuri nao ni kazi, ila usipewe kazi ya kusomeshea.

Nne, kabla fedha haijatoka, itundikwe taa moja ya kila aina kwa usiku mmoja, na kipima luksi kiwekwe juu ya meza, chini ya taa na pembeni pia. Kipimo kifanywe na vijana wenyewe, maana wao ndio watakaosoma hapa.

Tano, na hili naliona kubwa kuliko yote, picha mpya itengenezwe kwa vipimo hivyo na kupelekwa kwa wenzetu walio mbali. Iwe picha ya usiku, taa zikiwa na ukubwa wake wa kweli, na vivuli vikilala vinapostahili kulala. Chini yake yaandikwe mambo manne: idadi ya taa, lumeni za kila moja, luksi mezani, na tarehe ya kupima. Mwenzetu aliyeko Mwanza au Mombasa au Muscat hawezi kuja kuketi kwenye benchi hili afungue kitabu. Anachoweza ni kutuamini. Kwake yeye picha ile ni ahadi. Siku atakapokuja na kulikuta bwalo lina giza kuliko alivyoonyeshwa, hatamlaumu mfanyabiashara, atatulaumu sisi, na mwaka unaofuata mchango wake hatutauona.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taa nzuri itajiuza yenyewe ikiwashwa usiku mmoja humu ndani. Tuiombe iwashwe.

Vijana, mkihitaji msaada wa kupiga picha zile mbili, ya globu iliyozimwa na ya globu iliyowashwa, nitakuwapo hadi kesho mchana. Njooni na stendi ya kamera na ngazi. Mwalimu wa zamu tayari ametupa ruhusa ya kuchelewesha kengele kwa nusu saa.

Waliosinzia nawatakia kuamka kwema.